Chenso, mkono na kiuno: maswali tunayoulizwa kila msimu hapa Mafinga

Karakana yetu inatengeneza mashine za kukatia zinazoshikwa kwa mkono. Wanaoingia ni waendesha chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) wa shamba la miti la Sao Hill na wa mashamba ya watu binafsi, wapasua mbao wa dingdong (mashine ndogo ya kupasulia magogo), wachomeleaji wa mageti, na siku hizi wavunaji wa chai kwa mashine. Wanaleta mashine iliyogoma, lakini mazungumzo yakikolea tunagundua mkono nao umegoma, au kiuno. Maswali haya yamerudi kwetu mara nyingi kiasi kwamba tumeona tuyaandike.

## Mambo ya msingi

Mnaposema chenso "inamkaa mtu" mna maana gani?

Ni mashine iliyobuniwa kufuata mwili wa binadamu, ili mtu asilazimike kujikunja kuifuata. Elimu yenyewe inaitwa ergonomia. Kwa chenso inagusa uzito na jinsi ulivyogawanyika, unene wa mipini, mtetemo unaofika mkononi, kelele, moshi unakotupwa, na kama kidole gumba kinafikia swichi ya kuzimia bila kuachia mpini.

Jaribio letu la kwanza ni rahisi. Zima mashine, jaza matangi yote mawili, la petroli na la oili ya cheni, kisha ininginize kwa mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto peke yake. Baa, ule ubapa mrefu ambao cheni inauzunguka, ikilala karibu sambamba na ardhi, ncha ikiinama kidogo tu, mizania ipo. Ncha ikidondoka, ujue kiwiko na kiuno chako ndivyo vitakavyoshikilia tofauti hiyo kutwa nzima. Mara nyingi hapo kosa ni la baa ndefu, si la mashine (tazama swali la urefu wa baa).

Kazi ya msitu ni ngumu. Kuumwa si sehemu ya kazi?

Ugumu wa kazi ni kitu kimoja, kuumizwa na chombo ni kitu kingine. Hili ndilo tunalobishana nalo kila siku, kwa sababu kijana akisema mkono unauma huambiwa ni mlegevu.

Angalia chombo chenyewe kilikotoka. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme wenye kilo 64, ukibebwa na watu wawili. Mwaka 1950 kiwanda chake kikatoa wa petroli wa mtu mmoja, kilo 16. Leo chenso ya kazi ya kati, bila baa na cheni, ina kilo 5 hadi 6 hivi. Aliyekuwa akibeba kilo 16 hakuwa na mifupa tofauti na yako.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Finlandi. Watafiti waliwafuatilia wakata miti kati ya mwaka 1972 na 1990. Mwanzoni, 40 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa vidole kuwa vyeupe. Mwishoni walibaki 5 katika kila 100. Miti ilikuwa ile ile na baridi ile ile. Kilichobadilika zaidi ni mashine: mtetemo wa chenso, ambao nguvu yake hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba, ulishuka kutoka 14 hadi 2. Mtu akikuambia maumivu ni kawaida ya kazi, mpe takwimu hiyo.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Naweza kugeuza mikono?

Hapana. Chenso zote zimejengwa kwa mkono wa kulia nyuma na wa kushoto mbele. Ukishika hivyo, baa inapita upande wa kulia wa mwili wako, na hata ikiruka, yaani ncha ikigonga kitu na baa kurushwa kukuelekea, njia yake iko pembeni ya shingo. Ukigeuza, unajiweka katikati ya njia hiyo, na breki ya cheni haitafikiwa na mkono kama ilivyokusudiwa. Wanaotumia kushoto huzoea ndani ya wiki chache.

Kidole gumba cha mkono wa kushoto kipite chini ya mpini wa mbele na kuukumbatia. Wengi hukiweka juu sambamba na vidole vingine kwa sababu kinachoka. Baa ikiruka, kiganja kisicho na gumba chini kinabanduka.

## Mtetemo na baridi ya Mufindi

Kwa nini vidole vinakufa ganzi jioni baada ya kazi?

Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika inatikisa mpini mara 150 kila sekunde, na meno ya cheni yanaongeza mtikisiko wake yakigonga mti. Mtikisiko huo unaumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu ya vidoleni. Mwanzo ni kuchomachoma kama sindano kunakoisha baada ya chakula cha usiku. Hatua inayofuata ganzi hailali, unaamka nayo. Kisha vidole vinaanza kubadilika rangi kwenye baridi, na mwisho mshiko wenyewe unapotea: sarafu inadondoka, kifungo cha shati hakifungiki.

Mishipa ya damu inaweza kupata nafuu mtu akiacha mapema. Ya fahamu ikishaharibika sana hairudi. Ndiyo maana tunawasihi vijana waseme wakiwa bado kwenye hatua ya sindano.

Mbona inazidi Juni na Julai?

Kwa sababu baridi inaminya mishipa ile ile ambayo mtetemo umeshaijeruhi. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinageuka vyeupe asubuhi za baridi. Sisi huku tuna asubuhi hizo bila kwenda Indiana.

Juni mmoja opereta alifika kwetu saa moja asubuhi, amepanda nyuma ya pikipiki kutoka upande wa Igowole bila glovu. Akasalimia, "Kamwene, fundi," na mkono akauacha mfukoni. Nikampa chai kwenye kikombe cha bati. Alipokikumbatia nikaona kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kushoto vimekuwa na rangi ya mshumaa upande wa kiganja, kuanzia pingili ya pili, na mpaka wake umenyooka kama umechorwa kwa kalamu. Chini ya kucha hapakuwa na damu. Zilipita kama dakika ishirini, vikawa vyekundu, akauma meno kwa maumivu. Alikuwa na miaka kumi kwenye chenso, na alidhani amerogwa.

Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe huo hauonekani vizuri juu ya kidole. Angalia upande wa kiganja na chini ya kucha.

Kinga zake ni za kawaida na zinafanya kazi: nenda kazini mkono ukiwa na joto, vaa glovu ukiwa kwenye pikipiki, anza na kazi isiyo ya mashine mpaka jua lipande, kula kabla. Sigara inaminya mishipa vile vile, kwa hiyo anayevuta anajiongezea mzigo.

Niendeshe kwa saa ngapi kwa siku?

Inategemea mtetemo wa mashine. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2002, uliweka viwango viwili kwa siku ya saa 8: mita 2.5 kwa sekunde mraba, ambapo mwajiri analazimika kuchukua hatua, na mita 5, ambapo ni marufuku kuvuka. Kiwango cha mashine kimeandikwa kwenye kitabu chake, nyuma kwenye jedwali.

Hesabu yake haiendi kama wengi wanavyodhani. Mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda haupungui nusu. Unapungua hadi robo. Chenso yenye mtetemo wa mita 4 kwa sekunde mraba inafikisha kiwango cha kuchukua hatua baada ya saa 3 na dakika chache. Chenso hiyo hiyo raba zake za kupunguza mtetemo zikifa na cheni ikiwa butu, mtetemo ukafika mita 8, inafikisha kiwango hicho ndani ya dakika 47. Kabla ya saa tatu na robo kuisha imegonga ule wa marufuku.

Muda unaohesabiwa ni wa injini kunguruma ukiwa umeishika. Kutembea kati ya mti na mti hakuhesabiwi. Lakini kwa anayelipwa kwa kipande, kila mti ukiwa na bei yake, mashine hailali, na hapo ndipo tunapoomba wenye vikundi wawape watu wawili chenso moja, mmoja akate na mwenzake apime na kusukuma magogo, wakibadilishana kila tangi la mafuta likiisha. Tangi moja ni kama saa ya kupimia muda ambayo hakuna anayeweza kuichakachua.

Glovu nene za mpira zinazuia mtetemo?

Zinapasha joto na kulinda ngozi, na kwa hilo pekee zinafaa. Usizitegemee kuzuia mtetemo. Glovu nene kupita kiasi pia inakulazimisha kubana mpini kwa nguvu zaidi ili uuhisi, na kadiri unavyobana ndivyo mtetemo unavyopenya. Shika kwa uthabiti unaotosha kuitawala mashine, basi.

## Uzito, kiuno na mkao

Kiuno kinaniuma wakati wa kuangusha. Nimeshanunua mkanda. Tatizo nini?

Tatizo ni kuinama miguu imenyooka huku chenso iko mbali na mwili. Kilo 8 ukizinyooshea mikono mbele zinauvuta mgongo wa chini kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake. Mkanda hauondoi hesabu hiyo.

Msindano (paina) unakatwa karibu na ardhi, kwa hiyo shuka chini na mwili wote. Piga goti moja, kiwiko cha kulia kiegemee paja, mashine iwe karibu na kifua. Meno ya chuma yaliyo kwenye kifua cha chenso yana kazi: yachomeke kwenye gome, kisha inua mpini wa nyuma kidogo kidogo, baa ijizungushe yenyewe kama wenzo. Anayesukuma kwa mabega ana cheni butu.

Wakati wa kupunguza matawi, kazi inayochukua muda mrefu kuliko kuangusha, chenso ilale juu ya gogo na kuteleza. Gogo libebe uzito. Tukikaa pembeni ya opereta mzoefu kwa nusu saa tunaona mashine haielei hewani hata mara kumi.

Baa ya urefu gani inatosha?

Kwa misindano ya kuvunwa mingi ya huku, sentimeta 45 inatosha, na kwa kupunguza matawi hata 38. Baa ndefu inapendwa kwa sababu inaonekana ya kishujaa, lakini inaharibu mizania, inaipa injini mzigo, inaongeza meno ya kunoa, na ncha inakuwa mbali na macho yako. Ncha usiyoiona ndiyo inayogusa tawi lililojificha, na robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, baa inaruka kuelekea usoni kabla hujapepesa jicho.

Ninapasua mbao kwa chenso mkono mtupu. Kuna namna ya kutojiua?

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwili, na tungependa gogo lipelekwe kwenye dingdong kila inapowezekana. Lakini tunajua kuna makorongo ya Makete ambako mashine haifiki na mbao hutolewa zikibebwa kichwani.

Nyanyua gogo. Vipande viwili vya mti chini yake viliinue hadi usawa wa juu kidogo ya goti, na usipasue tena likiwa ardhini. Piga mstari kwa kamba na wino. Tumia cheni ya kupasulia, ambayo meno yake yamenolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi badala ya 25 au 30. Ya kukatia kwenye upasuaji inarukaruka na mkono unakula mtikisiko wote. Simama upande ambao upepo unaondoa moshi usoni, maana kupasua ni dakika nyingi mfululizo kichwa kikiwa juu ya eksozi. Na pumzika kila tangi, kama tulivyoeleza kwenye swali la saa za kazi.

## Kununua na kutunza

Nikiwa dukani nitajuaje chenso nzuri kwa mwili, bila kuiwasha?

Shika mpini wa nyuma kwa mkono mmoja na injini kwa mwingine, sukuma na kuvuta. Inapaswa kucheza kidogo kama iliyokaa juu ya springi, kwa sababu mipini imetenganishwa na injini kwa springi au raba. Ikiwa ngumu kama kipande kimoja cha chuma, mtetemo wote ni wako.

Kisha weka mkono kwenye triga ukiwa umevaa glovu unazofanyia kazi. Kidole kifike bila kunyoosha kifundo, gumba lifike swichi ya kuzimia. Hili muuzaji hukuambia utazoea. Mwenye kiganja kidogo, na tuna kina dada kadhaa wanaoendesha, hatazoea kitu kisichofikika. Achague mpini mwembamba zaidi. Angalia ngao ya mkono ya mbele kama inasukumika na kufunga cheni kwa sauti kavu. Uliza raba na springi zake zinauzwa kama spea. Kama jibu ni hapana, mashine hiyo ina umri wa raba zake tu.

Raba zinakaa muda gani, na nitajuaje zimekufa?

Hakuna kalenda. Petroli, oili na jua vinazila. Mwezi uliopita tulifungua chenso iliyoletwa kwa "kukosa nguvu". Nguvu ilikuwepo. Raba ya chini, upande wa klachi, ilikuwa imechanika katikati, nyeusi na laini kama sabuni iliyolowa, na mtu alikuwa ameikaza kwa waya wa kufungia nondo. Mpini ulikuwa unagusa mwili wa injini chuma kwa chuma. Pale palipogusana palisuguka mpaka pakang'aa kama sarafu. Mwenye mashine alikuwa ameitumia hivyo msimu mzima. Raba mpya tatu zilimgharimu chini ya ujira wa siku moja.

Ukiona pengo kati ya mpini na injini si sawa pande zote, au baa inayumba ukiinua mpini, fungua utazame.

Kunoa kunahusiana nini na mkono?

Kunahusika na kila kitu. Cheni kali inajivuta yenyewe na kutema vipande vya mti. Butu inatema unga na kudai mabega yako. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya pili, cheni inagonga kwa kupishana na baa inakata kwa kupinda. Kwa cheni ya saizi .325 (kwa inchi) tupa ni ya milimita 4.8, kwa ile ya 3/8 ya kawaida ni 5.5. Hesabu miondoko, kila jino idadi ile ile. Vipimo vya kina, vile vijino vya mbele, vibaki chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, anayeviteremsha zaidi ili "ile haraka" anatengeneza mashine inayong'ata na kurusha.

Mashine inatoa moshi mzito huku milimani, ila Dar es Salaam ilikuwa safi. Ni mbovu?

Huenda si mbovu. Kwenye mwinuko wa mita 1,900 hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi huo unaishia puani mwako. Ilete irekebishwe. Baada ya marekebisho cheni isizunguke hata kidogo mashine ikiachwa ingurume yenyewe. Ikizunguka, utatembea msituni umebeba kisu kinachokimbia.

Masikio je? Nimezoea kelele.

Kuzoea ndiyo dalili kwamba kitu kimeshapotea. Chenso inatoa desibeli 100 na zaidi sikioni mwa anayeishika. Kiwango salama cha saa 8 ni 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwa 100 una dakika 15. Vaa viziba masikio tangu mti wa kwanza.

## Mashine nyingine za kukatia

Grainda yangu ndogo inachosha. Nikitoa kava nikaweka diski kubwa si nitamaliza haraka?

Tafadhali usifanye hivyo. Grainda ya diski ya milimita 115 au 125 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kwa karibu mara 6,600. Kwenye grainda ndogo inapita mpaka wake na inaweza kupasuka, na kava ambalo lingezuia vipande umelitoa ili diski ienee. Tumeona geti la karakana moja Mwanjelwa, Mbeya, lenye alama ya kipande kilichopita usawa wa shingo.

Uchovu tafuta chanzo chake: mpini wa pembeni umeondolewa, kazi iko chini badala ya usawa wa kiuno, au diski imekwisha na unaisukuma. Chagua grainda yenye swichi ya kubana, ukiiachia inajizima.

Mashine ya kufyekea inaniua bega moja.

Mkanda haujarekebishwa. Tumia wa mabega mawili, ndoano ikae chini kidogo ya nyonga, kisha sogeza kishikizo kwenye bomba mpaka kichwa kielee juu kidogo ya ardhi bila wewe kukishika. Mikono iongoze tu.

Chenso za betri zinafaa kwetu?

Kwa mwili ni hatua kubwa: mtetemo kidogo, hakuna moshi, hakuna kuvuta kamba. Kwa kupunguza matawi na kukata nguzo changa za mikaratusi zinatosha. Kwa kuangusha siku nzima mbali na umeme, bado betri ni mzigo. Na kwa kuwa inanyamaza, watu huisogelea. Cheni yake inakata na kuruka sawa na ya petroli.

## Hali zisizo za kawaida

Nimeshapata vidole vyeupe. Niache kazi kabisa?

Nenda hospitali kwanza na umwambie daktari kwa maneno haya: naendesha chenso, miaka mingapi, saa ngapi kwa siku. Usipotaja mashine, atatafuta sababu nyingine. Kisha badilisha kazi ndani ya kikundi: kupima, kunoa, kuendesha trekta. Sisi tunaye mnoaji ambaye alitoka msituni kwa sababu hiyo hiyo, na cheni zake ndizo zinazotafutwa.

Mwajiri anawajibika?

Ndiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri akupe vifaa kinga na mazingira salama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali, na mchango wake unalipwa na mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara wako. Vibarua wasio na maandishi ndio wanaohangaika, hivyo hata daftari lenye tarehe na sahihi ya msimamizi litunze.

Je, naweza kukata tawi lililo juu ya kichwa nikiwa kwenye ngazi?

Hapana, si kwa chenso ya kawaida. Juu ya bega mikono haina nguvu ya kuzuia baa ikiruka, na uzito wote unaning'inia kwenye misuli midogo. Zile chenso ndogo zenye mpini juu ni za wapanda miti waliofunzwa na kufungwa kamba. Kwa mwembe wa nyumbani tumia msumeno wa mkono uliofungwa kwenye mti mrefu, simama chini, pembeni ya tawi litakapoangukia.